Chupa Iliyolala

Wahenga walinena kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Methali hii tumefundishwa tangu shule ya msingi, tukaieleza katika mitihani, tukaitungia insha na kupewa alama. Hata hivyo, ni wangapi miongoni mwetu, wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili, waliowahi kusimama chini ya mnazi alfajiri na kumwona mgema akiteremka na buyu lake? Mimi nilijaliwa kumwona kila siku ya utoto wangu, kwa maana nililelewa Kona ya Musa, Kaunti ya Kwale, katika nyumba ya mjomba wangu, na mgema alikuwa jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Kisa ninachokusudia kukisimulia katika makala haya, hata hivyo, hakihusu tembo la mnazi peke yake. Kinahusu chupa moja ya mvinyo wa Kifaransa uliozaliwa katika mwaka wa joto kali, ikaja kulala miaka tisa chini ya mabati ya Kona ya Musa. Ni kisa cha nyumbani kwetu, nami nakisimulia kwa idhini ya mama yangu.

Msomaji asiyeijua Kona ya Musa asiitafute katika picha za Diani zinazotundikwa katika ofisi za mawakala wa utalii. Picha hizo ni za ufuoni. Sisi tuko upande wa pili wa mambo, karibu na barabara kuu itokayo Likoni kwenda Lungalunga, mahali wanapoishi wale wanaotandika vitanda vya hoteli, wanaofagia mchanga wake na kumimina vinywaji vyake. Alfajiri watu wetu huondoka kwa baiskeli, bodaboda na matatu kuelekea baharini, na usiku hurejea wakiwa na harufu ya sabuni na vyakula vya wageni. Mjomba alikuwa mmoja wao. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa mhudumu wa baa katika mojawapo ya hoteli hizo. Alivijua vileo vya dunia kwa majina na kwa bilauri zake, ilhali yeye mwenyewe hakupata kuonja hata tone. Alikuwa Mdigo, Mwislamu, mwenye kuswali swala tano, na kazi yake ilimtia simanzi ambayo hakuificha. Alijua kwamba dini haimlaumu mnywaji pekee; humlaumu pia mbebaji. Nilipokuwa mdogo nilimsikia akimwambia mama, "Dada, mikono yangu hii itakuja kuulizwa." Mama akamjibu, "Na matumbo haya je, hayataulizwa yalishibishwa na nani?" Mazungumzo yakaishia hapo, kama yalivyoishia siku nyingine nyingi.

Katikati ya mwezi wa Mei mwaka 2014, serikali ya Uingereza iliwashauri raia wake wasisafiri bila dharura kwenda kisiwa cha Mombasa na ukanda wa pwani kutoka mkondo wa Mtwapa upande wa kaskazini hadi Tiwi upande wa kusini. Diani haikuwamo katika eneo la ilani hiyo. Ukiisoma kwa makini utaona kwamba mpaka wa hofu ulikomea Tiwi, hatua chache tu kabla ya kutufikia. Lakini nani anayeisoma ilani ya hofu kwa makini? Kampuni za usafiri ziliwarudisha wageni wao kwa ndege kabla ya likizo zao kwisha, na safari za miezi iliyofuata zikafutwa. Mjomba alisimulia kwamba mabasi yalisimama nje ya hoteli huku wageni wengine wakiwa bado wamevaa nguo za kuogelea.

Miongoni mwa wageni hao walikuwamo mume na mke ambao walikuwa na ada ya kuja kila mwaka, na kila mwaka walikaa meza ileile na kuhudumiwa na Mjomba. Walikuwa wameoana mwaka 2003, na safari hiyo walikuja na chupa ya mvinyo wa mwaka huohuo ili waifungue usiku wa mwisho. Usiku wa mwisho haukufika. Basi likipiga honi, yule mwanamke alirudi baa mbio, akamwekea Mjomba ile chupa mikononi, akalia, akaondoka. Mjomba hakupata nafasi ya kumweleza kwamba yeye hanywi. Mwisho wa mwezi huo, hoteli ikiwa tupu, alipewa barua ya kusimamishwa kazi. Akarejea Kona ya Musa na shati lake la kazi, malipo ya siku zilizobaki, na chupa.

Nilikuwa kidato cha tatu. Nakumbuka alivyoiweka juu ya mkeka, nasi tukaizunguka kama watu wanaozunguka nyoka aliyeuawa. Ilikuwa nzito kuliko chupa yoyote niliyowahi kuinua, rangi yake kijani iliyokolea kukaribia weusi, na karatasi yake ilikatwa mfano wa ngao. Juu yake paliandikwa Dom Pérignon, na chini yake mwaka: 2003. Mama alifunika pua kwa leso ingawa chupa ilikuwa imefungwa. Mjomba akasema, "Hii si pombe. Hii ni karo."

Miaka mingi baadaye, nilipokuwa chuoni, ndipo nilipoanza kusoma habari za kinywaji kile ili nielewe ni kitu gani kilichokuwa kimelala katika sanduku letu. Niliyoyapata yalinistaajabisha, nami nitayaeleza kwa ufupi, kwa kuwa bila hayo kisa hiki hakitaeleweka.

Shampeni ni divai inayotoka katika jimbo la Champagne, kaskazini-mashariki mwa Ufaransa, nchi ya baridi ambako zabibu huiva kwa taabu. Divai ya kawaida huchacha mara moja. Shampeni huchacha mara mbili, na mara ya pili huchachia ndani ya chupa yenyewe, baada ya kutiwa sukari kidogo na hamira na kuzibwa. Hewa izaliwayo humo haina pa kutokea, kwa hiyo hujibana ndani ya divai na kuleta mgandamizo wa takriban mara sita ya hewa tuivutayo. Ndiyo maana chupa zake ni nzito na vizibo vyake hufungwa kwa waya. Kisha chupa hizo hulazwa. Hulazwa ubavu katika mapango yaliyochimbwa ndani ya mawe ya chaki, katika ubaridi wa nyuzi kumi hadi kumi na mbili, juu ya mashapo ya hamira iliyokufa, na hukaa humo miaka. Sheria yao huitaka shampeni ya mwaka mmoja maalumu ilale muda usiopungua miaka mitatu kabla ya kuuzwa. Ile ya Mjomba ilikuwa imelala zaidi ya hapo.

Jina lililo kwenye karatasi ni la mtawa, Pierre Pérignon, aliyekuwa msimamizi wa ghala la divai katika nyumba ya watawa ya Hautvillers hadi alipofariki mwaka 1715. Hadithi za biashara humsifu kwa kubuni vile viputo. Wanahistoria husema kinyume: katika zama zake viputo vilihesabiwa kuwa kasoro, naye alijitahidi kuviepuka. Niliposoma hayo nilicheka peke yangu maktabani. Mtu wa dini aliyekesha akipigana na mapovu, na leo mapovu hayohayo yanauzwa kwa jina lake! Nilijiwa na taswira ya Mjomba akisimama nyuma ya kaunta.

Jambo la tatu, ambalo ndilo kiini, ni ule mwaka. Shampeni nyingi haziandikwi mwaka. Mtengenezaji huchanganya divai za miaka mbalimbali ili mwaka mwema uusitiri mwaka mbaya. Ni pale tu anapouridhia mwaka mmoja ndipo anapouacha usimame peke yake na kuuandika kwenye karatasi. Mwaka 2003 haukuwa wa kuridhiwa kwa wepesi. Mwezi wa Aprili baridi kali ya usiku iliunguza sehemu kubwa ya machipukizi ya mizabibu. Mwezi wa Agosti likaja wimbi la joto ambalo Ulaya haikulizoea: nchini Ufaransa pekee watu takriban 15,000 walipoteza maisha, wengi wao wazee waliokuwa wakiishi peke yao, na Ulaya nzima watafiti walikadiria vifo zaidi ya 70,000. Katika mashamba ya Champagne zabibu zilizonusurika ziliiva kabla ya wakati, na mavuno yakaanza katika wiki ya tatu ya Agosti, mapema kuliko ilivyopata kuonekana tangu mwaka 1822. Joto huongeza sukari ya zabibu na kuula uchachu wake, na uchachu ndio unaoipa shampeni uwezo wa kudumu. Watengenezaji wengi walikataa kuuandika mwaka huo. Wachache walithubutu, na chupa zao zikawa za kutafutwa na wakusanyaji, si kwa sababu mwaka ulikuwa mwema, bali kwa sababu ulikuwa mgumu na kuna aliyekubali kuushuhudia.

Nilipomsomea Mjomba habari hizo kwa simu alinyamaza kwa muda. Kisha akasema, "Kumbe nao walikuwa na yao mwaka huo." Maana yeye aliukumbuka mwaka 2003 kwa namna yake. Novemba 2002 hoteli moja ya Kikambala ilikuwa imeshambuliwa kwa bomu, na Mei 2003 serikali ya Uingereza ilisimamisha ndege za mashirika yake zisije Kenya kwa zaidi ya mwezi mmoja. Katika hesabu za Kona ya Musa, 2003 ulikuwa mwaka wa vitanda vitupu. Wanawake waliokuwa wakiuza shanga ufuoni walirudi kupasua kuni. Vijana walirudi kuvua kwa mitumbwi ya kukodi. Mwaka uleule ambao mizabibu ya Champagne iliungua, sisi tuliungua kwa moto mwingine, ila wao waliuandika wao kwenye chupa, nasi wetu hatukuuandika popote.

Si kwamba watu wetu hawajui kuitunza miaka. Wamijikenda waliipa majina miaka ya njaa tangu zamani, na jina likawa ndiyo kalenda. Njaa iliyoanza mwaka 1898 na kuendelea hadi takriban 1900 iliitwa Magunia, kwa ajili ya magunia ya chakula yaliyoletwa kutoka nje. Babu yangu, aliyezaliwa baada ya njaa hiyo, alihesabu umri wa wazazi wake kwa kuitaja. Jina moja la njaa lilikuwa ghala: ndani yake mlikaa joto, ukame, aibu ya kupokea, na shukrani ya kunusurika. Kwa hiyo nadiriki kusema kwamba jamii zetu nazo ziliandika miaka ya jua kali, lakini ziliiandika katika ulimi.

Babu huyo alikuwa mgema katika ujana wake, kabla hajaiacha kazi hiyo kwa ajili ya dini. Wamijikenda hukiita kinywaji hicho uchi, neno ambalo limewahi kuniletea fedheha mbele ya wanafunzi wenzangu wa bara niliposimulia kwamba babu yangu aliuza uchi sokoni. Babu ndiye aliyenieleza kazi ilivyo. Mgema huupanda mnazi asubuhi na jioni, na wengine mara tatu. Hulifunga karara ambalo halijafunguka, hukata ncha yake kipande chembamba kwa kotama, na kutungika buyu ili maji yadondokee humo. Maji hayo ni matamu kama ya muwa, lakini huanza kuchacha humo humo buyuni kabla hayajashushwa, kwa hamira iliyoko hewani na katika buyu lenyewe. Tembo la asubuhi hutokota na kutoa mapovu bila kutiwa kitu. Ni divai yenye viputo isiyohitaji pango wala waya. Jioni huwa kali. Siku ya pili huwa limelala, na tembo lililolala hapati mtu wa kulinunua. Huachwa ligeuke siki ya kuungia samaki.

Hapo ndipo neno "kulala" lilipoanza kunishughulisha. Kwetu, chakula kilicholala ni kiporo, na mtaji uliolala ni hasara. Katika mapango ya Champagne, kulala ndiyo heshima yenyewe. Neno ni moja. Kinachotofautiana ni mahali pa kulala.

Mahali ambapo chupa ya Mjomba ililala palikuwa sanduku la mbao chini ya kitanda chake, ndani ya chumba cha mabati, imefungwa kwa kikoi. Mwenye kuijua pwani yetu mwezi wa Februari na Machi anajua hali ya chumba cha mabati saa nane mchana. Mjomba hakujua kwamba divai ile ilihitaji ubaridi wa pango. Alichokijua ni kwamba chupa ya thamani haiwekwi mezani. Akailaza, kwa sababu sanduku lilikuwa fupi. Kwa bahati hiyo tu aliitendea inavyostahili.

Yeye mwenyewe alikodi bodaboda. Mtu aliyekuwa akivaa shati jeupe na tai alianza kuwabeba abiria kati ya Ukunda na ufuoni, na wengine wao walikuwa wale waliomtuma bilauri jana yake. Sikuwahi kumsikia akinung'unika. Kila karo ilipotakiwa, nyumbani ilisemwa, "Ikibidi, chupa ipo." Mwaka 2015 nikafanya mtihani wa kidato cha nne. Karo ililipwa, nami nikadhani ililipwa kwa bodaboda, kwa kuwa chupa niliiona bado ipo sandukuni.

Mjomba alifariki mwezi wa Machi mwaka 2023, baada ya mvua za misimu mitano mfululizo kukosekana na mifugo ya jamaa zetu wa Kinango kuteketea. Alishikwa na kifua, akalala siku tatu, akatutoka. Baada ya hitima, wazee waliketi na ustadhi kugawa mirathi. Nyumba, kiwanja, minazi sita na mbuzi viligawiwa kwa mujibu wa sheria, mjane na watoto wakapata haki zao. Ndipo mjane akaitoa chupa na kuuliza ni ya nani. Pakawa kimya. Ustadhi, mtu mpole, alieleza kwamba kileo hakihesabiwi kuwa mali kwa Mwislamu; hakina thamani kisheria, hakirithiwi wala hakiuzwi. Kimwagwe. Lakini mzee mmoja wa ukoo akasema taratibu kwamba zamani, kabla ya mirathi ya kitabu, Wadigo walirithi kwa upande wa mama, na mali ya mtu ilikwenda kwa mpwa wake. "Basi kama sheria haikitaki kitu hiki," akasema, "na mpwa akichukue, akakimwage yeye." Watu wakacheka kidogo, cheko la msibani, na chupa ikawekwa mbele yangu. Hivyo ndivyo nilivyorithi kwa mila iliyokwisha kitu ambacho sheria iliyopo haikitambui.

Sikuimwaga. Ukweli haufichiki, na makala haya hayatakuwa na maana nikiuficha. Wakati huo nilikuwa nimepata nafasi ya kusomea shahada ya uzamili, na karo sikuwa nayo. Nilikuwa nimekwisha kuona kwamba chupa za mwaka huo huuzwa kwa makumi ya maelfu ya shilingi. Niliichukua hadi Nairobi ndani ya mkoba, imefungwa kwa kikoi kilekile, na usiku mzima ndani ya basi niliikumbatia nikijadiliana na nafsi yangu. Nafsi ilisema: Mjomba aliibeba maisha yake yote ili wewe usome. Nafsi ikasema tena: aliibeba, hakuiuza. Nilimpigia simu mfanyabiashara mmoja wa divai. Hakuniuliza bei. Aliniuliza maswali mawili tu: imehifadhiwa wapi, na kwa muda gani? Nilipomjibu, alikaa kimya kidogo, kisha akanieleza kwa upole kwamba divai ikikaa miaka tisa katika joto kama hilo huiva na kupita, rangi hukolea, viputo hupotea, na kizibo husinyaa. Mkusanyaji hanunui mwaka ulioandikwa juu ya chupa. Hununua historia ya mahali ilipolala. Akaniambia niiinue kwenye mwanga nione divai imeshuka kiasi gani. Niliiinua. Ilikuwa imeshuka vidole viwili chini ya shingo.

Sina budi kukiri kwamba nililia, na sikulia kwa sababu ya dini. Nililia kwa kuwa niliona tumekaa miaka tisa juu ya hazina ambayo ilikuwa ikifa chini ya kitanda, na kila tulipojifariji kwa kusema "chupa ipo," haikuwapo.

Nikarudi nayo Kona ya Musa wakati wa likizo. Nilipomweleza mama, hakushangaa. Alikwenda ndani, akaleta karatasi iliyokunjwa mara nne ambayo mjane aliikuta katika sanduku. Ilikuwa imeandikwa kwa mkono, Januari 2015, na mwenye baa mmoja wa Ukunda, mtu wa bara ambaye Mjomba alikuwa akimfahamu kikazi. Iliandikwa: "Nimepokea chupa moja. Nimetoa shilingi 18,000. Haitafunguliwa." Chini yake, kwa kalamu nyingine, mwaka 2016: "Imerudishwa. Deni limekwisha." Hapakuwa na riba wala shahidi. Mjomba aliiweka rehani chupa ambayo dini yake haikuihesabu kuwa mali, kwa mtu ambaye angeweza kuinywa usiku uleule au kuiuza kwa bei kubwa kuliko deni. Mtu huyo akaiweka mwaka mzima katika baa iliyojaa wanywaji, asiifungue. Mama akaniambia, "Mwanangu, hicho ndicho kidato chako cha nne."

Msomaji mwenzangu, tangu siku hiyo sijasema tena kwamba chupa ile haikuwa na thamani. Ilikuwa nayo, wakati ule ilipohitajika, na ilitoka katika kuaminiana kwa watu wawili wa dini mbili na makabila mawili. Joto la mabati lilikula divai. Halikuula ule uaminifu.

Tuliimwaga siku ya Ijumaa baada ya swala ya alasiri, nyuma ya nyumba. Mama alikuwa na tumaini moja dogo: amesikia kwamba kileo kikigeuka siki chenyewe, bila mkono wa mtu, huwa halali, na akauliza kama hii nayo huenda imegeuka. Tukamwita jirani yetu mgema, mzee wa Kiduruma asiye Mwislamu, kwa kuwa yeye ndiye pekee aliyeweza kutuambia. Alifungua ule waya kwa ncha ya kotama yake, kwa makini, kama anayefunga karara. Kizibo hakikuruka. Kilitoka kwa mlio mdogo, mfano wa mtu anayeshusha pumzi. Akamimina kidogo katika kata. Rangi ilikuwa ya asali ya zamani, na viputo vichache vilipanda polepole, kimoja kimoja, mithili ya watu wa mwisho kutoka msikitini. Akanusa. Akaonja. Akatafakari kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia, akaonja tena.

"Si siki," akasema. Kisha akairudisha kata kwa mama kwa adabu, ikiwa imeinama mbali naye. "Lilikuwa tembo zuri. Limelala."

Chupa iliyobaki niliimwaga mwenyewe, mchangani. Ilitoa povu jembamba, likanywewa na ardhi kabla sijamaliza kusema bismillahi, nami sijui kama ilinipasa kuisema. Harufu yake ilikuwa ya mkate na matunda yaliyokaushwa. Ilikaa hapo hadi magharibi.

Wenzangu wa taaluma hii wataniuliza: hayo yote yana uhusiano gani na Kiswahili? Nitajibu kwa tatizo dogo la istilahi. Katika kuandaa makala haya nilitafuta neno letu la divai ya mavuno ya mwaka mmoja uliotajwa, nisilipate. Tunalo neno mvinyo kutoka kwa Wareno, tunalo divai, tunalo tembo letu wenyewe. La mwaka uliohifadhiwa hatuna. Mtu aweza kusema hatulihitaji, maana tembo letu halingoji kesho. Mimi nafikiri tunalihitaji kwa sababu nyingine. Tunayo miaka mingi ya jua ambayo haijaandikwa juu ya kitu chochote: mwaka wa vitanda vitupu, mwaka wa mabasi yaliyopiga honi, misimu mitano isiyo na mvua. Wazee waliokuwa wakiipa miaka majina wanaondoka, nasi tunaosoma fasihi simulizi tunazirekodi hadithi zao za sungura na fisi na kuiacha miaka yao ilale chini ya mabati.

Mimi nimeanza na wa kwetu. Katika daftari langu la utafiti, mbele ya mwaka 2014, nimeandika jina ambalo watu wa nyumba yetu walilitumia na ambalo nilidhani ni mzaha wao tu: Mwaka wa Chupa. Ile karatasi ya kukunjwa mara nne nimeitia ndani ya daftari hilohilo, nami nalihifadhi mahali pasipo na joto.